Nilivyoingia kwenye utafiti wa macho ili nimuone mama mkwe

Wakuu, salaam kutoka Shinyanga. Ninayoandika hapa ni kweli tupu, chumvi nimetia ya kuonja tu.

Mimi nauza spea za karasha kule Mwakitolyo, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mwaka juzi presha ya macho ikanila pembeni.

Mbele naona safi, hata sindano kwenye nyasi naokota. Pembeni sasa? Hakuna kitu. Ni kama nimevaa bomba la inchi mbili usoni. Nimegonga milango, toroli, mbuzi, na mwenyekiti wa kijiji mara mbili.

Daktari akanipa dawa ya matone. Akasema inalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi.

Hayo ningeyavumilia. Shida ikawa mama mkwe.

Kwetu Usukumani mkwe humpiti hivi hivi. Unatoka njiani, unainama, unasalimia kwa mbali, mkono hutoi. Mimi nimempita kavukavu mara tatu, na ya tatu msibani, mbele ya ukoo mzima!

Akaapa hakanyagi kwangu. Na mke wangu ana mimba ya kwanza, miezi saba, anamtaka mama yake awepo akijifungua.

Mke akamweleza habari ya macho. Jibu lake: "Mbona nyama kwenye sahani anaiona?"



Kumbe kliniki ya macho kuna utafiti: wanataka kujua kama mazoezi yanatusaidia watu wa aina yangu kutembea bila kugonga vitu. Nikasaini. Ikapigwa kura ya bahati, kundi moja lianze, lingine lisubiri, ili walinganishe. Nikaangukia la kuanza. Nilishangilia kama nimeokota almasi Mwadui.

Zoezi lenyewe: tazama kushoto, kulia, chini, hatua. Kushoto, kulia, chini, hatua. Wiki sita! Shingo ikarefuka kama ya twiga.

Siku ya kupimwa, ukumbi umejaa maboksi. Ukigonga, mtafiti anaandika. Pembeni wamesimamisha mtu wa kadibodi, wakamfunga kitenge. Nikageuza shingo, nikaona kitenge. Nikaruka nje ya mstari, nikainama: "Shikamoo mama!"

Mtafiti, dada mmoja mpole, akashusha kalamu. "Kaka, hilo ni boksi."

"Lina kitenge, dada. Siwezi kubahatisha."

Kuruka kule nilikanyaga maboksi mawili. Akayaandika yote.

Jumamosi iliyofuata niko sokoni Ibadakuli. Kushoto, viazi. Kulia, mama mkwe anachagua dagaa!

Nikatoka njiani, nikainama kwenye matope, nikamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu."

 

Hakuitikia. Akahamia kushoto kwangu, taratibu. Nikageuza shingo, nikainama. Akazunguka kulia. Nikageuza, nikainama tena. Mama ananifanyia utafiti wake!

Mwishowe akaitikia: "Mwangaluka, bhabha. Kamwambie mwanangu anitandikie kitanda, Jumatatu nakuja. Na hiyo shingo usiipumzishe."

Wakuu, majibu ya utafiti bado hayajatoka, kwa hiyo sisemi mazoezi yanamfaa kila mtu. Ninachosema, kapimeni presha ya macho mapema, hii kitu haiumi wakati inakula. Na mtu akikupita bila salamu, mwite kwanza jina kabla hujanuna.

Wenye macho kama yangu, au wakwe kama wangu, shusheni ya kwenu hapa chini.