Kitufe cha "Ndiyo, Ndivyo Nilivyosema"

Katikati ya mwaka wa 2008 niliamini nimevumbua dawa ya matusi ya mtandaoni. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nikishinda kwenye saiba moja, duka la intaneti mjini Nakuru, nikijifundisha kutengeneza kurasa za mtandao, na ulimwengu mzima ulikuwa unanisubiri.

Jukwaa la kwanza la mijadala mtandaoni tulikuwa tumelianzisha mwaka uliotangulia, mimi na rafiki yangu wa tangu sekondari, mtoto wa wakulima wa viazi kutoka Olenguruone. Tulitaka watu wabishane kwa maandishi, polepole, wakifikiri. Kampeni za uchaguzi zilipopamba moto, sisi wenyewe ndio tuliokuwa wa kwanza kutukanana. Nilimwita kasuku wa chama. Akaniita jina ambalo silirudii. Kisha yakaja yale machafuko ya Januari baada ya kura, kila mtu akakimbilia kwao, na hatukusemezana tena. Nilimkumbuka kila siku, ila kiburi kilinizuia kumpigia.

Basi nikabuni sheria moja. Huwezi kumjibu mtu kabla hujaiandika hoja yake kwa maneno yako, naye abonyeze kitufe cha "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Akibonyeza "Hapana," unarudi mwanzo. Siku kitufe kilipokubali kufanya kazi nilicheka peke yangu hadi mwenye saiba akapunguza redio anitazame. Nilienda nyumbani nikiruka madimbwi kama mtoto aliyefunga shule.

Nilimtumia rafiki yangu anwani ya ukurasa, bila salamu, pamoja na mada isiyonuka siasa: lumbesa, lile gunia la viazi linaloshonewa kilemba cha wavu mpaka linabeba gunia na nusu. Mamangu aliuza viazi sokoni, kwa hiyo niliitetea. Vingine huoza njiani, niliandika, lazima mchuuzi ajikinge.

Siku ya tatu akaiandika hoja yangu sawasawa, nikabonyeza Ndiyo, naye akaandika kwa simu yake aya tatu za kupinga.

Nikaandika hoja yake: wakulima wanataka bei bora. Hapana. Wakulima wanaonewa na madalali. Hapana. Ya tatu niliipamba vizuri sana, nayo ikarudi hapana. Nikakitukana kitufe changu mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nikachapisha aya zake kwenye karatasi, nikamsomea mama nikitaka aniunge mkono. Akanisimamisha kwenye aya ya pili, ile niliyokuwa nikiiruka.

"Hii si maneno ya pesa," akasema. "Anasema babake ndiye anabeba hizo gunia, na mgongo imeisha."

Nilirudi saiba mbio. Niliandika: "Unasema kila lumbesa inabebwa na mgongo wa mtu, na kwenu mgongo huo ni wa baba."

Ndiyo.

Kisanduku cha kujibu kikafunguka. Majibu yangu makali yalikuwa tayari kwenye daftari, na nilikuwa nimeyapenda kweli. Nikalifunga daftari, nikaandika: "Niaje? Mzee anaendeleaje?"

Kwa sheria yangu, ilimbidi kwanza aeleze nilichosema. Nikakaa nikiuma kucha.

"Unasema umenimiss," akaandika.

Nilibonyeza Ndiyo mara tatu, ingawa moja ingetosha.