Tundu Nililoziba kwa Ugali

Nianze na ujinga wenyewe ili tusisumbuane baadaye: niliziba tundu la kutu kwenye mlango wa gari la Kuka kwa ugali.

Na haukuwa ugali wa kubahatisha. Ulikuwa wa mahindi meupe ya Kabuchai, uliolala, ule ambao ukiachwa kwenye sufuria hadi asubuhi unahitaji shoka. Nilishawahi kuupigia magoti nikiukwangua, ukashinda kijiko, ukashinda mchanga, ukanishinda na mimi. Nikajiambia, kitu kigumu hivi kinapotea bure jikoni. Nikaukanda na majivu kidogo, nikausukuma kwenye tundu, nikaulainisha kwa kisu cha mkate, nikauacha juani siku mbili. Juu nikapaka rangi ya bluu iliyobaki walipopaka lango. Ukisimama mbali kidogo, na ukiwa na nia njema, ungeapa gari limepona.

Kuka ndivyo tunavyomwita babu kwetu, na huyu ni baba yake mama. Anaishi Kabuchai, upande mmoja miwa, upande mwingine mahindi. Macho yake yamefifia. Anaona mwanga na kivuli tu, vitu vingine vyote anavijua kwa kiganja. Gari ni Pijo, pikapu ya zamani sana, ya kiti kimoja kirefu ambacho watu watatu wanabanana vizuri. Ndilo alilomfundishia mama kuendesha mama akiwa msichana, majirani wakisema mzee anamwaga petroli ovyo. Injini hadi leo ikiwashwa inaitika. Ni mwili ndio ulikuwa umeliwa, na watu wa skrapu walikuwa wameshaanza kupita pale nyumbani wakiliangalia kama nzi wanavyoangalia kidonda. Kuka alikuwa amewaambia warudi mwisho wa Agosti.

Basi likizo ile ya Aprili nilimshika Kuka mkono nikampeleka kwenye kibanda cha gari. Akapitisha kiganja juu ya kazi yangu. Akapitisha tena.

"Ni laini," akasema.

"Si nilikwambia, Kuka? Mimi nina mkono."

Akaomba simu, akampigia mama Kitale. "Mwana wako ametengeneza gari. Njoo unipeleke sokoni Chwele."

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Hafurahii vitu haraka. Lakini Jumamosi alifika amevaa lile rinda lake la harusi za watu na viatu vya kisigino kifupi, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo yangu ya darasa la nane alinitazama kama mtoto wa kujivunia. Tukaenda kibandani pamoja.

Jogoo alikuwa ametangulia. Yeye na kuku wawili walikuwa wameupigia mlango foleni, wanadonoa. Jogoo kichwa chake kilikuwa tayari kiko ndani ya gari.

"Wanakula nini?" mama akauliza.

"Rangi, mama. Kuku wa huku hawajalelewa."

Akainama, akaokota kipande, akakinusa. Akakivunja kwa kucha, akaona ndani ni cheupe. Mimi nikaanza kusoma mawingu. Nilingoja kofi, nikangoja hotuba, hakuna kilichokuja. Alifunga tu funguo kwenye ngumi.

"Ulimwambia papa limepona," akasema polepole; papa ndivyo anavyomwita baba yake. "Basi litapona. Na ni wewe utakayeliponya."

Kwa Kuka akasema tunalipeleka Kitale likaangaliwe mafuta. Kuka aliegemea fimbo yake. "Kama ni la kufa, lifie hapa kwangu," akasema. "Wale wa skrapu watakuja. Likirudi kabla yao nitapanda. Lisiporudi, msinidanganye."

Kwenda Kitale mama aliendesha mwenyewe, na ndipo nikajua ugali ulikuwa shida ndogo. Upande wa abiria hakukuwa na sakafu. Kulikuwa na zulia, na chini ya zulia kulikuwa na barabara. Nilijua hivyo zulia lilipoondoka karibu na Kimilili bila kuaga. Nikapandisha miguu kwenye dashibodi, na huko ikakaa hadi Kitale, lami ikipita chini yangu, matope ya kila dimbwi yakinitembelea kwa zamu. Mama hakucheka hata mara moja. Ila alichagua madimbwi, hilo nina uhakika.

Fundi aliyenichukua ni mwanamke, umri kama wa mama, ana kibanda cha mabati kule wanakotengeneza magari nyuma ya soko. Alivaa ovaroli ya kijani iliyotobolewa na cheche hadi ikafanana na chujio. Aliliangalia gari, akaniangalia mimi.

"Ni wewe yule wa ugali?"

Nikamtazama mama. Mama akawa anatafuta kitu mkobani.

"Sawa, Mpishi," fundi akasema. "Jumamosi saa mbili. Njoo umekula."

Tangu siku hiyo jina langu pale likawa Mpishi. Hadi muuza chai alinijua kwa hilo.

Nilidhani kuchomelea ni kuziba matundu. Jumamosi ya kwanza hatukuziba hata moja. Alinipa nyundo ndogo niwe nagonga bodi polepole huku nikisikiliza. Bati zima linalia, bati lililoliwa linakohoa. Kila lilipokohoa nilichora duara kwa chaki. Tulipomaliza, gari lilikuwa limejaa maduara kama daftari langu la hesabu. Kisha akachukua grainda akaanza kukata. Tundu langu la mlangoni, lile la kiganja kimoja, likawa la sahani.

"Madam, umeliongeza," nikasema.

"Nimelionyesha. Lilikuwa hivi tangu zamani, wewe ukawa unalifunika." Akazima mashine. "Ukichomelea juu ya kutu umechomelea hewa. Kata hadi ufikie bati safi. Hata kama utalia."

Kulia nililia baadaye kidogo. Alinipa vipande vya bati vya kujifunzia, rodi nyembamba kabisa ya kuchomelea, na moto mdogo. Rodi ikanata. Nikaivuta, ikaja na bati. Nikaongeza moto, nikapiga, likatoboka. Nikaziba lile tundu, yakawa matatu.

"Sasa unalima," fundi akasema. "Unataka kupanda nini?"

Siri yake ilikuwa uvivu fulani wa makusudi ambao mimi, mvivu wa kuzaliwa, nilipaswa kuujua. Juu ya bati jembamba huburuzi moto kwa mstari mmoja. Unapiga nukta moja hapa, unaondoka, unapiga nyingine mbali kule, unarudi katikati, unangoja lipoe hadi uweze kuligusa. Ukikimbia, linajikunja. Jumamosi moja fundi alikwenda kununua rodi, nikasema ngoja nimshangaze. Nikachoma upande mzima kwa pumzi moja. Aliporudi bati lilikuwa limevimba kama chapati inayotaka kugeuzwa. Alileta grainda, akaniwekea mkononi, akaketi kunywa chai yake. Kazi ya asubuhi nzima nikaikata mwenyewe huku muuza chai akiuliza kama niongezewe chumvi.

Kulikuwa na kibonyeo kwenye bawa la mbele, juu ya gurudumu, upande wa dereva, kikubwa kama bakuli. Nilikuwa nimeshainua nyundo nikinyooshe mama alipotokea kutoka sokoni.

"Hicho usiguse."

"Ni kibaya, mama."

"Hicho ni cha mti wa zizi. Nilikuwa na wiki mbili za kuendesha." Akakigusa kidogo na kidole. "Papa alikataa kinyooshwe. Alisema hivi atajua ni la kwake."

Nikateremsha nyundo. Fundi na mama wakatazamana, wale watu wazima wawili, kana kwamba mimi ndiye niliyegonga mti.

Halafu ikaja siku ya macho. Fundi alikuwa ameniambia mara mia nisitazame moto bila kile kinyago cheusi cha kuchomelea. Lakini wasichana wawili kutoka shule ya jirani walipita, na ndani ya kinyago uzuri wako hauwezi kuonekana. Nikakiinua. Nikachoma nukta nne hivi nikitabasamu. Walipita wakiongea mambo yao, sidhani waliniona. Kufikia jioni macho yalikuwa kama yamejaa mchanga. Sikuweza kuyafungua, na kuyafunga pia kulikuwa balaa. Mama alikata viazi mviringo akaniwekea machoni, akasema nisipige kelele kwa kuwa anasahihisha madaftari.

Nikataka maji. Sikutaka kumwita, kwa sababu ya kiburi. Nikainuka na kwenda jikoni kwa kupapasa ukuta. Nikakuta ufa ambao sijawahi kuuona, miaka yote niliyoishi pale. Nikakuta mlango una bonde mahali ambapo mikono yetu huusukuma. Nikasimama hapo na kiazi kimoja kikianguka, nikamkumbuka Kuka akipitisha kiganja chake juu ya ugali wangu, mara mbili, akisema ni laini. Alikuwa ameniamini kwa macho pekee aliyobaki nayo. Nadhani robo saa nzima sikufanya mzaha wowote. Kwa kawaida yangu hilo ni homa.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia fundi kwamba gari litakaguliwa na mtu asiyeona. Alifikiri kidogo, akafunga macho yake, akaweka kitambaa chini ya kiganja na kukipitisha juu ya bati. "Sisi sote tunakagua hivi," akasema. "Jicho linadanganywa na rangi." Akanifundisha. Nikawa nachomelea, nasaga, nafumba macho, napapasa, nasaga tena. Sakafu tuliikata kutoka bati nene alilolitunza. Nilikuwa nimeleta sanduku langu la bati la kidato cha kwanza, la kabla sijahamia shule ya kutwa, nikidhani ni mchango, akaligonga kwa ukucha na kusema hilo ni kopo la biskuti. Magunia mabichi tukayatandaza kando ili cheche zisile kiti. Likizo ya Agosti nilikwenda kila siku. Mlango ulitoka vizuri. Sakafu pia, isipokuwa kona moja, ya kwanza kabisa niliyoichoma, iliyobaki na tuta. Nilitaka kuikata. Fundi akaikanyaga kwa mguu wote.

"Inashika. Iache, Mpishi. Muda umeisha."

Watu wa skrapu walikuwa waje Jumatatu. Sisi tuliingia Kabuchai Jumamosi. Kuka alikuwa ameshasimama uani. Alikuwa amesikia injini tangu barabarani. Hakutusalimia, alilisalimia gari. Akaanza na bawa la mbele, kiganja kikashuka ndani ya kibonyeo cha mama kikatulia humo. Akaenda mlangoni. Akapapasa pale pa lile tundu la sahani, mara mbili, kama ile siku. Mama alikuwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. Kisha Kuka akafungua mlango, akainama na kupapasa sakafu hadi kwenye kona, kiganja kikasimama kwenye tuta.

"Hapa kuna kilima."

"Ni mimi, Kuka. Ndipo nilipoanzia."

"Kazi ile ya kwanza ilikuwa laini kuliko hii." Akanyooka, akishika kiuno. "Ila ilinukia jikoni."

Nikaona ardhi iko wapi, nikaiangalia hiyo. "Kumbe ulijua?"

"Nimekosa macho. Pua ninayo."

"Papa," mama akasema, "ulinipigia simu ukasema limetengenezwa."

"Ningekwambia limeharibika, ungesema pole," Kuka akasema. "Nilikwambia limepona, ukaja."

Nikaelewa palepale kwamba ule ujanja ambao walimu wangu huuliza nimeutoa wapi sikuutoa kwa baba.

"Sasa twende Chwele," Kuka akasema, "kabla soko halijapoa."

Tukabanana kwenye kile kiti, mama kwenye usukani, mimi katikati, Kuka dirishani. Kuka alikanyaga sakafu mara mbili, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu viatu dukani, kisha akaiacha miguu yake pale na kutoa mkono nje ya dirisha. Mama akaingiza gia. Gari likaondoka, na mimi bila kujua nikawa nimeshapandisha miguu yangu kwenye dashibodi.

Mama aliitazama, akaitazama na barabara.

"Shusha miguu," akasema. "Hiyo sakafu si uliichomelea wewe?"