Povu Kwenye Mafuta ya Usukani

Karisa alikuwa na masikio ya kazi. Miaka tisa katika gereji ya shamba la miwa, upande wa Msambweni, alitengeneza malori yenye usukani wa pampu bila kufungua kitabu hata kimoja. Pampu ikinguruma, alijua mafuta yameingiwa na hewa. Hapo huinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akazungusha usukani polepole, kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, huku akiongeza mafuta mpaka povu liishe.

Mwaka 1964 Mzungu aliyesimamia gereji alifunga virago, nafasi yake ikachukuliwa na Thoya, kijana wa papa hapa aliyetoka masomoni Nairobi. Siku yake ya kwanza wazee wa kijiji jirani cha Munje walikuja kumwona kwa macho yao Mwafrika wa kwanza kuwa mkubwa wa gereji. Thoya akakunja mikono ya shati, akabadilisha paipu ya usukani wa lori mbele yao, akajaza mafuta, akafunga kifuniko. Lori likawashwa, wazee wakapiga makofi. Karisa akaisikia pampu ikinguruma.

Aseme? Mbele ya wazee wale, siku ile? Kwetu mtu hamwaibishi mwenziwe hadharani. Humngoja, akamwita kando. Karisa akangoja, na salamu za wazee zikianza hazina mwisho. Mwinga, dereva na shemeji yake Karisa, akaondoka na lori lile kwenda kubeba miwa.

"Bwana Thoya, nakuomba faragha," Karisa alisema hatimaye. "Lile lori lina hewa. Tulirudishe."

Walichelewa. Usukani ulikaza ghafla kwenye kona ya daraja, lori likapinduka, na Mwinga akakatwa mguu wa kushoto.

Meneja wa shamba aliwakusanya wafanyakazi uani, akauliza nani aliutengeneza usukani ule.

"Karisa," alisema Thoya, bila hata kumeza mate.

"Si mimi!" Karisa aliwageukia mafundi wenzake, walioona yote. Wakainamisha vichwa. Nao hawakutaka kumwaibisha mkubwa wao. Heshima gani hiyo, jamani! Karisa alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Alikwenda na sanduku lake la spana hadi kwa dadake, Dama, mke wa Mwinga.

"Kaka, uliisikia pampu?"

"Niliisikia."

"Ukanyamaza?"

"Sikutaka kumwaibisha mtu."

Dama aliingia ndani, akatoka na kiatu cha kushoto cha mumewe, akakiweka juu ya spana.

"Chukua," alisema. "Humu ndani hakina wa kukivaa."