Mlangamia wa Etterbeek

Niliuona kwenye ukingo wa bustani yetu ya pamoja, Etterbeek hapa Brussels, umejisokota juu ya magugu yanayowasha: nyuzi nyembamba za manjano, bila jani hata moja, bila mzizi ardhini. Mlangamia! Au tuseme mwenzake wa Ulaya. Shahada yangu ni ya uchumi, na sisi wachumi huwa na uhakika mapema.

Kwetu Tanga bibi yangu aliuponda, akauloweka, akatuosha nywele kwa maji yake ili ziote nyingi. Wengine waliutumia kwa minyoo na maumivu ya kichwa, lakini kichwa changu hakiumi. Kinang'aa tu.

Nikawa naumwagilia maji kila jioni. Sidhani kama Brussels nzima kuna mtu mwingine aliyewahi kumnywesha kupe wa mimea.

Kitalu cha jirani ni cha maman mmoja wa Bukavu, anayehudumia wazee mchana na lengalenga, mchicha wa kwao, jioni. Mwaka huu lengalenga ilikuwa ya harusi ya binti yake, na alishatangaza kwamba wageni hawatakula mboga za dukani. Akanikuta na kopo mkononi.

"Papa, unanywesha nini pale?"

"Dawa ya nywele, maman. Alinifunza bibi yangu."

Akainama. "Eh! Iyi kitu minaijua. Kwetu batoto tulikuwa tunaivaa ku kichwa, tunasema tuko bazungu. Lakini inakula mimea ya batu! Ikifika ku lengalenga yangu, donc batu ya mariage batakula nini? Nywele yako?"

"Haitafika. Nailinda."

"Unailinda? Angalia pale."

Uzi mmoja ulishavuka kijia na kulizunguka shina la lengalenga la pembeni. Nilijaribu kuubandua kwa upole. Ulishaanza kunyonya.

Tulilikata shina lile, tukang'oa mlangamia wote na magugu yaliyoubeba, mimi bila glavu, nikitaka kuonekana shujaa. Mikono ikavimba. Maman akanitwika fungu moja la nyuzi zile kichwani, akarudi nyuma kunitazama.

"Bon. Bibi yako atafurahi."

Kisha akakagua lengalenga yake shina kwa shina, mimi nikimfuata na nywele zangu mpya, mpaka tukafika mwisho wa tuta.

"Iko sawa yote. Alors, papa, toa ile perruque, weka ku mfuko ya takataka."

Nikaivua wigi yangu polepole. Ilikuwa imenikaa vizuri sana.