Nilipoulizwa Kama Naogopa Kufa

Nilipokuwa mwaka wa pili wa uuguzi Mwanza, matibabu ya bure yalikuwa yamekwisha, na wagonjwa waliingia wodini na glovu walizonunua wenyewe. Wengi hawakurudi nyumbani. Sisi wanafunzi tuliwafunga waliokufa videvu kwa bendeji kabla hawajakakamaa, kisha tukaenda kula ugali na dagaa. Mimi ugali haukushuka. Niliona labda kazi hii si yangu, na sikuwa na wa kumwuliza.

Ndipo akaja mtafiti wa kizungu na karatasi za maswali, anapima hofu ya kifo kwa wanafunzi wa uuguzi wa nchi mbalimbali. Nilifurahi kuliko wote. Nilitaka kujua kama mabinti wa kwao nao chakula hakiwashuki. Wenzangu waliona ni mtihani. Walinong'onezana jibu, wakazungushia "siogopi kabisa" tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Hata kwetu Buswelu mtu hasemi anaogopa kufa, ni kama kukiita kifo. Lakini mwalimu wetu mlezi, niliyemwita mama kwa moyo wangu wote, alinishika bega akasema karatasi hazina majina, niandike ukweli. Nikauandika.

Mwalimu mlezi mwenyewe alizikusanya dawati kwa dawati, kwa mpangilio wa tulivyokaa, kama kawaida ya mitihani. Mchana akaniita ofisini. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Karatasi yangu ilikuwa mezani, na pembeni yake nyingine tupu.

"Jaza upya, mwanangu. Usitutie aibu mbele ya mgeni."

"Mama, si ulisema haitajulikana ni ya nani?"

"Nilisema mgeni hatajua."

Nilijaza, nikazungushia "siogopi kabisa" hadi swali la mwisho. Tangu siku hiyo nilimwita mwalimu, na sidhani kama aligundua.

Mgeni alipomaliza kujumlisha alitueleza darasani kwamba sisi tumeonyesha hofu ndogo kuliko wote aliowapima. Wanafunzi wa kwao, alisema, waliogopa sana. Kumbe wao waliruhusiwa. Mwalimu akaanzisha makofi, na sote tukapiga. Yangu yaliniuma viganjani.

Kesho yake nilipangwa kumwandaa marehemu pamoja na msichana wa dawati la mbele yangu. Bendeji ikamponyoka, ikabingirika chini ya kitanda. Nikamwuliza kama anaogopa. Alitazama kwanza mlangoni, kuona kama mwalimu yupo.

"Kila siku," akasema.