Verlin Stucky Anataka Kusomewa Mkataba

Verlin Stucky hasaini kitu ambacho hajakisoma. Alipokwenda kupasuliwa goti, wauguzi walimsubiri akiwa ndani ya gauni la hospitali, miguu nje, akisoma karatasi ya ridhaa hadi mstari wa mwisho. Akakuta neno limekosewa tahajia, akalisahihisha kwa kalamu, ndipo akasaini.

Kazi yake ni kuchimba visima. Hakuna shamba kubwa katika kaunti yetu, hapa magharibi mwa Kansas, ambalo hajalitoboa kutafuta maji ya mahindi au ya ng'ombe. Ana mwili mpana na sauti ndogo, na akiwa na jambo la kusema huvua kofia kwanza. Kura yake haijawahi kwenda nje ya chama chetu cha wahafidhina. Wakati wa uchaguzi mabango huyachomeka yeye kwenye kona za barabara, na ukiisha huyang'oa yeye, maana wenzake husahau.

Kuhusu wahamiaji wanaoishi nchini bila vibali, msimamo wake haujifichi. Anataka serikali iwakamate na kuwarudisha makwao, na anaona imechelewa sana. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu mjini wanaodai amegeuka. Hajageuka. Mimi ni mkutubi wa mji na katibu wa kamati ya chama, nimekaa naye meza moja miaka minne, na ningeliona.

Jambo lenyewe lilikuwa jela. Jela ya kaunti yetu ina vitanda vingi kuliko wahalifu tulio nao. Kiangazi kile zilikuja habari kwamba kampuni moja ya jimbo lingine inataka kuikodi na kuipanua, iwaweke humo wahamiaji wanaosubiri kurudishwa. Makamishna watatu wanaoiendesha kaunti, wote wa chama chetu, walijifungia katika kikao cha faragha kuujadili mkataba. Mnamo Novemba tangazo likabandikwa kwenye mlango wa jengo la kaunti kwamba watausaini Jumatatu ya wiki ya sikukuu ya Shukrani. Mkataba wenyewe haukubandikwa.

Verlin alimwendea Gaylen Prieb, kamishna wa upande wetu wa kaunti. Wamepakana mashamba, na ua wa waya kati yao waliujenga pamoja wakiwa vijana. Alimkuta kwenye ghala la nafaka, akipima mtama.

"Gaylen, nipe huo mkataba niusome."

"Siwezi bwana. Ni siri ya biashara."

"Biashara ya nani? Jela si yetu?"

"Haya, umeanza. Si wewe uliyekuwa unalia hawa watu wakamatwe?"

"Nilitaka, na bado nataka. Nataka pia kujua tumeahidi nini."

"Wewe hujaahidi kitu. Iliyoahidi ni kaunti."

"Na kaunti ni nani, ng'ombe?"

Wanaume waliokuwa kwenye foleni walicheka, na Gaylen akacheka nao. Lakini hakutoa kitu.

Watu wa hapa wanajua kwa nini Verlin alilivalia njuga jambo hili. Makamishna wa zamani waliwahi kukubaliana faraghani na kampuni ya kufuga nguruwe. Harufu tuliizoea. Maji yaliyochafuka hatukuyazoea. Visima alivyochimba Verlin upande wa kusini vilifungwa kimoja baada ya kingine, na mkataba ulipokuja kuonekana, tukakuta kaunti ilikuwa imeahidi kutoishtaki kampuni kwa uharibifu wowote. Verlin alizunguka nyumba kwa nyumba kuvifunika visima vyake kwa saruji. Wenye nyumba walimkaribisha kahawa, na hakuna aliyemlaumu, jambo ambalo naamini lilimuumiza zaidi.

Kwa hiyo aliandika hoja ya kupeleka kwenye kamati ya chama. Ilikuwa sentensi moja: kamati inawataka makamishna wausome mkataba wa jela mbele ya wananchi kabla ya kuusaini. Kamishna anaweza kumpuuza Verlin. Hawezi kuipuuza kwa urahisi kamati inayomsimamisha kwenye uchaguzi.

Tulikutana Jumamosi saa nne asubuhi katika chumba cha chini cha maktaba. Lavonne Unruh, mwenyekiti wetu, alikuwa amepika sufuria kubwa ya nyama na maharage yenye pilipili, na mikate ya mdalasini ya kulia nayo. Saa nane na nusu kulikuwa na mechi ya chuo kikuu, na kila mtu alijua kwamba hiyo ndiyo saa ya mwisho.

Verlin alivua kofia, akasoma hoja yake, akaketi. Vichwa vilitikisika kukubali. Nilidhani tungemaliza kabla supu haijapoa.

Kisha akasimama Royce Hadley, mwenye malori. "Mimi naunga mkono, ila haijaenda mbali. Kama tunasema mikataba ya siri, kubwa ni zile za Washington. Pesa zinatoka hapa zinakwenda ng'ambo kwa hawa wanaoitwa washirika wetu, na hakuna anayetuonyesha hesabu. Tuongeze pale: serikali isimpe mshirika yeyote hata senti mpaka hesabu ziwe wazi."

Marlys Dirks, aliyefundisha nusu ya chumba kile katika shule ya Jumapili, aliweka kijiko chini. "Mshirika yeyote, Royce?"

"Yeyote."

"Na Israeli?"

"Nimesema yeyote, mama. Yeyote ni yeyote."

"Basi utaandika jina lako, langu usiliandike. Mimi nawaombea wale tangu wewe uko kwenye nepi."

"Endelea kuomba, nani kakuzuia? Kuomba ni bure. Ndege za kivita siyo bure."

"Usinifanyie mzaha kwenye mambo ya Mungu."

"Sifanyi mzaha. Nauliza risiti."

Chumba kikapasuka katikati. Wa upande wa Royce walisema wamechoka kulinda mipaka ya wengine wakati wetu uko wazi. Wa upande wa Marlys walisema taifa linalowatupa rafiki zake halitabaki na rafiki. Mtu mmoja aliingiza Ulaya, kwamba nao wajilipie ulinzi wao, na mzee mmoja akajibu kwamba yeye alitumikia jeshi Ujerumani miaka miwili na hatakaa kimya ikisemwa alikuwa akipoteza wakati. Yalikuwa mabishano ya kweli. Hao ni watu wanaokula pamoja na kuzikana, na kila mmoja alikuwa anaamini anachosema. Lakini jela haikutajwa tena.

Verlin alisimama. "Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti. Mimi nazungumzia jela. Iko mtaa wa pili kutoka hapa. Chumba hiki kingekuwa na dirisha mngeiona."

"Verlin, mpendwa wangu," Lavonne akasema, "marekebisho yametolewa na yameungwa mkono. Lazima yajadiliwe. Sheria hiyo nimefundishwa na wewe."

Watu walicheka. Verlin naye alitabasamu kidogo, akaketi, akaiweka kofia kwenye goti.

Marlys akaleta marekebisho ya marekebisho, kuiondoa Israeli. Royce akaleta mengine kuyapinga hayo. Mara ya kwanza walipotoka watu walikwenda kuvuta sigara, wakarudi. Mara ya pili walichukua makoti. Kuna aliyejaza bakuli lake, akalifunika kwa karatasi, akanipungia mkono, akapanda ngazi. Verlin alikuwa akigeuka kila mlango ulipofungwa. Alimwendea mmoja kwenye ngazi, nikamsikia akisema, "Kaka, robo saa tu," na yule akajibu, "Mzee, nilikuambia robo saa iliyopita ni robo saa ya mwisho."

Hatimaye marekebisho yote yaliangushwa, moja baada ya jingine, kwa kura ambazo hakuna aliyekuwa na nguvu za kuzishangilia. Ikabaki sentensi ya Verlin, safi kama alivyoiandika. Royce aliipenda. Marlys aliipenda. Lavonne alitazama saa ya ukutani, akasema, "Wanaokubali, mikono juu," na mikono ikapanda, yote ila mmoja.

Verlin hakuinua wake. Alikuwa akitazama viti vitupu. Akasimama.

"Mwenyekiti, naomba akidi ihesabiwe."

 Mikono ilikuwa bado hewani.

"Keti chini, Verlin," Lavonne akasema taratibu.

"Kwa katiba yetu lazima tuwe theluthi ya wajumbe. Sidhani kama tunafika."

"Hakuna aliyeuliza."

"Nimeuliza mimi."

"Mzee," Royce akasema, "ni hoja yako. Unashinda. Ona mkono wangu uko wapi."

"Nauona."

Lavonne alinigeukia. Akidi ikishaombwa, mwenyekiti hana njia. Nilihesabu, nikahesabu tena kwa sababu sikutaka jibu nililopata. Tulipungua mmoja. Kura ikabatilika, kikao kikafungwa, na katiba haituruhusu kuitisha kingine bila notisi ya siku kumi. Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

Tulikunja viti. Marlys alikuwa akiosha vijiko, na alipozungumza hakugeuka. "Ungenyamaza kidogo tu, Verlin. Mungu angekusamehe."

"Ninawadai wenzangu wasifiche mambo, halafu mimi nifiche?"

"Hukuwa unaficha. Ulikuwa hujasema."

"Gaylen naye ndivyo anavyoniambia."

Marlys alifunga bomba. Nadhani alikasirika, na nadhani alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekasirika, na nilikwenda nyumbani nikiwa bado sijui nimkasirikie nani: yeye, wale waliowahi mechi, au wale waliotumia asubuhi nzima kugawana dunia.

Jumatatu Verlin alikwenda kwenye jengo la kaunti. Lipo mkabala na maktaba, nikaenda naye. Wananchi wachache walikuwa wameketi kwenye viti vya mbao. Kipindi cha wananchi kusema kilipofika alisimama, kofia mkononi, akaomba mkataba usomwe.

"Wakili ametushauri suala hilo tusilijadili hadharani," Gaylen akasema kutoka mezani. Kisha, kwa sauti ya jirani, akauliza, "Kamati ya chama imesemaje?"

"Haijasema."

"Nilisikia mlikutana."

"Tulikutana. Hatukutimia."

Gaylen alimtazama kama mtu anayengoja aongeze neno. Verlin hakuongeza. Makamishna wakapiga kura ya kwenda faragha, wakaingia chumba cha nyuma na wakili, mlango ukafungwa. Sisi tukabaki kwenye benchi la ukumbini. Waliporudi walitangaza kwamba mkataba umepita, wakausaini hapo hapo mmoja baada ya mwingine, wakahamia kwenye suala la kununua chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani.

Kikao kilipokwisha Verlin alimsubiri Gaylen mlangoni.

"Umeusoma?"

"Wakili ameusoma."

"Nakuuliza wewe, Gaylen."

Gaylen alivaa koti, mkono mmoja, kisha wa pili. "Una zaidi ya kurasa mia, Verlin. Wametupa muhtasari."

"Nani kawapa? Kampuni?"

"Muhtasari mzuri tu."

"Nilidhani unajua ukanificha," Verlin akasema. "Hilo ningelielewa."

Gaylen alifunga vifungo vya koti. Akasema mkewe anauliza kama Alhamisi walete pai ya maboga au ya tofaa, kwa sababu familia hizo mbili hula Shukrani pamoja. Verlin akasema yoyote. Gaylen akatoka kwenye upepo.

Verlin alikwenda dirishani kwa karani wa kaunti, akaomba nakala ya mkataba uliosainiwa. Karani, mwanamke mpole ambaye Verlin alimchimbia kisima, alimwambia maombi ya aina hiyo yana muda wake, siku za sikukuu hazihesabiwi, na wakili ataamua sehemu zipi zifutwe kwa wino mweusi kwanza.

"Sehemu kubwa?"

"Sijui, baba. Sijauona."

"Wewe pia."

"Uko kwa wakili."

Alipewa karatasi ya maombi, akaketi nayo kwenye benchi na kuanza kuijaza. Nilimwambia lazima nikafungue maktaba. Hakunisikia. Alikuwa amefika kwenye swali la kwa nini mwombaji anataka taarifa hiyo, na kalamu ilikuwa imesimama.