Limau kwenye Uso wa Gitaa

Siku mti wetu ulipopasuliwa mbao nyumbani kwetu Bukhayo tulikuwa watu wanne. Kulikuwa na mwenye msumeno wa petroli, ambaye mama yake na mama yangu walizaliwa kijiji kimoja. Kulikuwa na kitinda mimba wangu, fundi seremala wa Malaba. Kulikuwa na wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, ambaye hakosi mahali penye jambo. Na mimi. Mwalimu wa kwaya alikuja baadaye sana, naye si ndugu yetu, ila aliwahi kumfundisha mjukuu wangu kule Sigalame. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya baba zao pia, lakini kuna wasiopenda kuandikwa. Kwa hivyo nimewaacha hivyo hivyo.

Mti wenyewe ulikuwa grevilia, alioupanda mume wangu karibu na jiko. Msumeno ulipofika katikati ulitoa sauti nyingine, ukasimama. Mwenye msumeno akauchomoa, akaangalia meno yake, akauliza, "Nani alipiga msumari kwenye mti?"

Wifi aliangalia kuku. Mimi niliingia jikoni kuongeza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Nilijua ni nani. Ni mimi. Nikiwa bibi arusi mpya, na mti ukiwa mnene kama paja la mtoto, nilipiga msumari pale nitundike kioo changu cha kusukia nywele. Kioo kilivunjika zamani. Msumari niliusahau, mti ukaumeza.

Kijana wangu alibeba mbao mpaka Malaba, akaziweka juu ya dari ya karakana yake zikauke. Miaka miwili zilikaa hapo. Mguu wangu uliposhindwa kulima nilihamia kwake, kwenye chumba kilicho nyuma ya karakana, na kutoka mlangoni kwangu naona malori yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Kazi yake ilikuwa hayo malori. Sakafu za mbao zikivunjika, yeye ndiye hulala chini yake akipigilia nyingine. Alikuwa anarudi amekunja mgongo kuliko mimi.

Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa gitaa. Alianza kwa kutengeneza magitaa ya kanisani yaliyovunjika, halafu akajiundia moja lake la kujifunzia. Wifi alipokuja kututembelea aliligonga na kidole kama anayegonga mzinga, akasema, "Nyuki wataingilia wapi?" Kijana akacheka tu.

Basi mwalimu wa kwaya alifika kutoka Port Victoria na gitaa lililokatika shingo. Akaliona lile la kijana ukutani, akalipiga kidogo, kisha akasema anataka lake. "Lakini nataka uso safi, fundi. Kwaya yangu wana macho. Hawatasikiliza wimbo, watahesabu madoa."

Alipoondoka kijana aliniambia, "Mama, hili likipita, nitaanza kukataa malori. Likikataliwa, nitajua hii ni michezo tu."

Kuanzia hapo sikutulia tena. Nilikuwa nafagia karakana mara tatu kwa siku. Nikikaa nje nahesabu malori, nikifika kumi nainuka kwenda kuangalia amefika wapi.

Siku moja nikamkuta amepasua ubao mmoja katikati ya unene wake, akaufungua kama unavyofungua kitabu, ili vipande viwili vifanane kulia na kushoto. Ndivyo uso wa gitaa unavyofanywa. Na kila upande kulikuwa na doa jeusi, mviringo, na mkia mdogo unaoteremka. Madoa mawili sawasawa, kama macho ya mtu aliyelia wanja.

Ni kutu ya msumari wangu. Niliijua mara moja.

Kijana aligonga ubao na kifundo cha kidole, akainamisha sikio, akagonga tena. Akaguna.

"Baba," nikamwambia, maana ana jina la baba yangu, "ni mbaya?"

"Tutaona, Mama."

Angeniambia neno moja zaidi siku hiyo, hakungekuwa na habari ya kuandika. Lakini alisema tutaona, akaunganisha vile vipande kwa gundi, akavilainisha mpaka vikawa vyembamba kama kifuniko cha kasha la chaki, akaitwa kwenye lori lililovunjika sakafu barabarani. Nikabaki na ule uso mezani, na ule uso ukabaki na mimi.

Sasa, kutu kwenye nguo mimi naiondoa. Nimeiondoa kwenye sare za watoto, kwenye mashati ya mume wangu, kwenye kitambaa cha altare. Unakamua limau, unanyunyiza chumvi, unaanika juani. Sikufikiria mara mbili. Nilikata malimau matatu, nikasugua yale macho mpaka maji yakaenea pande zote, nikanyunyiza chumvi, nikalaza ubao juu ya gunia mahali jua linapochoma. Nikakaa kando yake nikifukuza kuku.

Doa lilianza kufifia. Nakuambia ukweli, lilififia, kutoka weusi hadi rangi ya chai ya maziwa, na nikaanza kuimba. Halafu nikaona ubao unainua mabega. Pembe ya kulia, halafu ya kushoto. Nikaweka jiwe, upande mwingine ukainuka. Ubao ukajikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa bila vigingi. Kisha upande wa chini nikasikia tak. Ufa wa urefu wa kidole.

Kijana alirudi akanikuta nimeukalia.

"Mama, inuka."

Nikainuka. Aliangalia ubao, akaangalia maganda ya limau, akaangalia chumvi. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Lile lilikuwa kovu," akasema. "Sasa umenipa kidonda."

Ndipo aliponieleza kile ambacho hakunieleza kwanza. Katika kazi yao wanatenganisha vitu viwili. Kidonda ni ufa, ni kuoza, ni tundu ambalo mdudu bado anakula ndani. Hicho kinaua sauti, hata gitaa lenyewe. Kovu ni doa, ni mstari wa rangi, ni fundo dogo lililoshika vizuri. Hilo linasumbua macho peke yake. Yale madoa yangu alikuwa ameshayagonga akasikia ni makovu. Na alikuwa ameshapima ramani ya gitaa juu ya ubao ili yaangukie chini ya daraja, kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi. Hakuna mtu angeyaona maisha yake yote.

"Na sasa?"

"Sasa ufa lazima ukatwe ubaki nje. Nikisogeza ramani juu, macho yanatoka nje, daraja haliyafuniki tena."

Siku nne ule uso ulibanwa kati ya mbao mbili na matofali juu, baada ya yeye kuulowesha kidogo upande wa pili ili urudi. Siku nne nilitembea. Nilikwenda mpaka kwenye foleni ya malori na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka dereva mmoja akaniuliza, "Mama, wewe pia unangoja kuvuka?"

Wifi alifika siku ya tatu, akiwa ameshasikia kwa nani sijui. Alikuja na mashauri. Tupake rangi ya viatu. Tuzibe na vumbi la mbao na gundi. Tubandike picha ya Bikira Maria juu yake, mwalimu atathubutu kuibandua? Mimi nikasema rangi ya chai, basi, uso wote uwe mweusi kidogo na doa lipotee ndani yake. Kijana akachukua kipande kilichokatwa, chenye kutu kidogo, akakipaka majani ya chai ya moto mbele yetu. Doa likawa jeusi kuliko masizi.

"Chai na kutu ni ndugu," akasema. "Naacha hivyo. Nitapaka vanishi inayoonyesha."

Uso ulirudi sawa, au karibu sawa. Gitaa likamalizika. Macho yalikuwa wazi, upande wa chini wa daraja, moja kulia na moja kushoto, yamefifia lakini yapo. Wifi alikaa mbele yake akanywa chai, akahama kiti, akahama tena. "Linaniangalia," akasema. "Hata huku linaniangalia."

Mwalimu alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimeambiwa nikae chumbani. Nilikaa dakika ngapi sijui, nikajikuta mlangoni.

Aliligeuza gitaa, akapitisha kiganja mgongoni, akaangalia shingo. Halafu uso. Akaweka kidole juu ya doa.

"Fundi, nilisema nini?"

"Ulisema uso safi."

"Na hii?"

Kijana alifungua mdomo, nami nikaingia. "Mwalimu, huo ni msumari wangu." Nikamwambia yote, kioo, mti, msumeno, kuku, limau. Kijana aliangalia sakafu.

"Limau na chumvi?" mwalimu akauliza.

"Na jua."

"Mimi ndivyo ninavyotoa kutu kwenye majoho ya kwaya." Akaketi juu ya kigoda, akakaza nyuzi, akapiga. Sitaeleza sauti ile, sina elimu ya kueleza. Nasema tu kwamba utingo wa lori lililosimama nje alizima redio yake.

Alipiga muda mrefu, macho yamefungwa. Akisimamisha nyuzi, anafungua, anaangalia doa, anafunga tena. Mwishowe akasema, "Sauti nimeichukua. Uso nitauzoea." Akaliingiza kwenye mfuko wake, akaondoka.

Kijana akaketi kwenye kigoda kile kile. Baadaye lori likapiga honi, utingo akaita fundi, sakafu imevunjika. Yeye akajibu bila kuinuka, "Leo siwezi, boss. Tafuta mwingine."

Ilikuwa mara ya kwanza. Mimi nikaanza kufagia.

Ningemaliza hapo, ila Pasaka iliyopita mwalimu alileta kwaya yake kanisani kwetu kuimba, na gitaa nalo likaja. Wifi, niliyekaa naye benchi moja, akaninong'oneza kwamba ule msumari ni wake. Ati alikuwa akitundikia taa hapo kabla sijaolewa, na kioo changu mimi nilikifunga kwa kamba kwenye nguzo ya jiko. Tangu siku hiyo nasumbuka. Namwona mwanangu akiinama juu ya ubao mwingine, natafuta kioo kichwani, mara kiko kwenye mti, mara kiko kwenye nguzo. Kukumbuka majina nakumbuka, lakini misumari haina majina. Kama ulipita kwetu miaka ile ukaona kioo kilikotundikwa, au kama ulikuwa Malaba Jumamosi hiyo na mambo hayakwenda hivi, njoo uniambie nilipokosea. Mlango wangu ni ule wa nyuma ya karakana.